Robe ya kizamani: tuchague patroni gani?

Kila mwaka, tarehe 1 Mei inapokaribia, maneno ya nguo yanaanza katika kambi na mitaa ya Kipushi. Nani atavaa nini ku defile, kikwembe gani, fundi gani. Siku hizi maneno yamegeuka kidogo. Bamama vijana hawataki tena paka libaya na vikwembe viwili. Wanataka robe ya kizamani, ile wanaona mu foto za bankambo wao: kiuno kimebanwa, jipe pana, kola ndogo nyeupe. Bengine wanazishona za kuuzisha, kwa ndoa na kwa sikukuu. Sisi wa sendika tunafurahi juu ya ile, juu ni kazi na ni makuta yanayoingia nyumbani wakati mshahara wa baba hautoshi. Lakini tunaona pia vikwembe vya bei vinakatwa ovyo, robe haiingii mabegani, mteja anakataa kulipa. Mara nyingi mkono wa fundi hauna kosa. Kosa liko ku patroni.

Neno lenyewe linatuchekesha. Patroni ni mwenye kazi, na patroni ni karatasi ya kukatia nguo. Delege akisema mu mkutano "tuchague patroni", watu wanapiga makofi. Ule wa kwanza hakuna siku tulimchagua. Huyu wa karatasi tunaweza kumchagua, basi tufanye ile na akili.

Kuko nyumba za ngambo zinazochapa upya patroni za zamani. Butterick ya Marekani, iliyoanza kuuzisha patroni za karatasi tangu 1863, inatoa tena mifano yake ya miaka ya 1940 na 1950. Vogue na Simplicity zinafanya vile vile. Pembeni yao kuko wauzaji wadogo wengi wanaopiga kopi ya bahasha za zamani na kuziuzisha kama faili ku intaneti, na zile njo zinafika mu simu za batoto wetu.

Patroni hizi ziko za namna mbili, na mwenye kuuzisha hasemi kila mara ni namna gani. Ya kwanza ni kopi kabisa: karatasi ya zamani vile ilivyokuwa, nimero moja tu, na maelezo mafupi, juu fundi wa wakati ule walidhani anajua tayari kuweka mkono na kufunga kola. Zingine za zamani sana hazina hata maandiko juu ya vipande. Kuko paka matundu, na mtu anapaswa kujua tundu hili ni la pensi, lile ni la mkunjo. Namna ya pili imechorwa upya: mfano ni wa zamani, vipimo ni vya leo, nimero nyingi mu bahasha moja. Mwenye kuanza achukue ya pili. Mama fundi mwenye miaka ishirini ku mashini achukue ya kwanza kama anapenda, atafurahi nayo. Lakini kijana wa miezi sita anayenunua karatasi ya matundu juu foto ya bahasha ilimpendeza, anatupa makuta yake.

Nimero njo inadanganya watu kuliko kitu kingine. Mu patroni nyingi za Marekani za miaka ya 1940, nimero 14 ilikuwa ya kifua cha inchi 32, ni kusema sentimeta 81. Leo nimero 14 ya nyumba hizo hizo ni inchi 36, karibu sentimeta 92. Nimero ni moja, mwili ni mwengine. Nimero za Ufaransa na Ujerumani nazo ni hesabu ingine. Basi usiangalie nimero. Chukua metre, pima kifua, kiuno, matako, na urefu wa mgongo kutoka shingo mpaka kiuno, kisha tafuta sentimeta zilizoandikwa nyuma ya bahasha. Kama vipimo vyote havipatani, na kwa bamama wetu mara nyingi havipatani, chagua patroni inayoingia mabegani na kifuani. Matako yanaongezwa kwa urahisi pembeni. Begani, ukikosa, unakosa kabisa. Na kama mama ni mzito wa chini, jipe pana ya kufunguka itampendeza bila taabu. Ile jipe nyembamba ya kubana, iliyochorwa kwa mwanamke wa Paris asiye na matako, itamtesa na itamtesa fundi.

Jambo lingine dogo linaloharibu kubwa: marje ya mshono. Patroni za bahasha za Marekani zina marje ndani yake, sentimeta moja na nusu. Karatasi za gazeti la Burda hazina. Unachora, kisha unaongeza mwenyewe. Anayezoea za Marekani akikata ya Burda bila kuongeza, robe inapungua kila pembeni, na kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Kwa faili za intaneti, angalia kile kikaro kidogo cha kupimia kilichochorwa ku ukurasa wa kwanza. Kimeandikwa sentimeta 5, ao inchi moja. Mtu wa fotokopi akiacha mashini ipunguze ukurasa ili uingie mu karatasi, kikaro kinatoka kidogo na robe nzima inatoka ndogo. Chapa ukurasa ule mmoja kwanza, weka metre juu yake, kisha lipa zingine. Na kuunga karatasi ndogo makumi na gundi ni kazi ya kuchosha. Ku Lubumbashi kuko fasi wanachapa plani za nyumba ku karatasi kubwa. Mashini inayotoa plani ya mgodi inatoa pia robe bila kuuliza.

Sasa, miaka gani? Hapa bei ya kikwembe njo inasema. Nguo za miaka ya 1940 ziko nyembamba na fupi, na haikuwa mapenzi ya mtu. Vita ilikuwa imekula kitambaa. Uingereza iliweka kadi ya nguo tangu 1941, Marekani ikaweka sheria mu 1942 ya kupunguza upana wa jipe, mikunjo na mifuko. Kisha mu Februari 1947 Christian Dior akaonyesha Paris jipe pana zenye kumeza kitambaa metre juu ya metre, na miaka ya 1950 yote ikafuata ile. Kwa hiyo mama mwenye kitambaa kidogo atafute patroni ya wakati wa vita, na mwenye kipande kizima cha yadi 6 anaweza kufikiri juu ya Dior. Ujue tena: mafundi wa zamani walihesabu kitambaa chenye upana wa sentimeta 90 hivi, na wax yetu inapita sentimeta 110. Usinunue vile bahasha inasema. Tandika vipande chini, panga mwenyewe, utaona unabakisha. Lakini kama kikwembe kina ndege ao maua makubwa yanayoangalia juu, vipande vyote viangalie juu pia, na pale kitambaa kinaongezeka. Patroni yenye vipande vingi vidogo inakata ndege kichwa. Kwa wax yenye picha kubwa, chukua yenye vipande vichache.

Kwetu ile miaka ya vita haikuwa maneno ya modi. Mu Desemba 1941, bei ya vitu imepanda na mshahara haufuati, wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na ku Elisabethville askari walipiga risasi ndani ya uwanja walimokusanyika. Léonard Mpoyi alikufa pale. Msichana wa Kipushi anayevaa robe ya 1941 ku 1 Mei ajue ni mwaka gani amevaa. Hatusemi asivae. Tunasema ajue, na kama inawezekana avae ya kazi, yenye mifuko, asivae ya kunywea chai.

Kuko wenzetu wa sendika wanaosema robe hizi zote ni nguo za mkoloni na tuziache. Tumesikia. Ni kweli, bankambo wetu walijifunza kushona mu Foyer Social, na Foyer Social haikuwa zawadi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi akae na bibi na batoto mu kambi asirudi mukini, na mwanamke anayeshona, anayefuma, anayeweka nyumba safi alikuwa sehemu ya hesabu ile. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika vizuri namna kampuni ilijifanya baba wa kila nyumba. Kitabu chake kinaitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, na jina lile peke yake linaumiza.

Lakini baba alipotuacha, mashini ilibaki. Mgodi wa Kipushi ulisimama mu 1993. Mu 2003 na 2004 watu zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka kwa ile iliyoitwa départs volontaires. Miaka zaidi ya thelathini ilipita mbele ya zinki kuanza kutoka tena hapa, mu 2024. Katika miaka ile yote, nyumba ngapi za Kipushi zilikula juu ya mama anayejua kukata kola? Mwenye kusema ujuzi ule ni wa mkoloni aulize kwanza nani alilipa minerval yake. Sisi tunasema robe ya bankambo ni yetu juu waliilipa kwa vidole vyao.

Jambo ambalo hatulikubali ni kuamini kwamba zamani yetu yote iko mu bahasha ya ngambo. Hakuna nyumba ya Marekani itakuuzia libaya ya Kipushi ya miaka ya 1970, yenye mikono ya kupanda na shingo pana. Abacost vile vile. Mobutu aliileta ku mwanzo wa miaka ile ya 1970, akakataza kravati, akakataza wanawake suruali na perike, na ikabaki hivyo mpaka hotuba yake ya 24 Aprili 1990. Bazee wetu wengi walioana mu abacost, walipokea medali ya kazi mu abacost. Wengine wanaona haya juu yake leo, na tunawaelewa. Lakini ilishonwa vizuri, na patroni yake haiuzwi fasi yoyote. Iko paka mu masanduku ya chuma chini ya vitanda, pamoja na libaya za mama, na kila msiba masanduku yale yanafunguliwa, nguo zinagawanywa, zinakatwa vitambaa vya kupangusia. Wakati huo huo batoto wanalipa dola kwa kopi ya robe ya mwanamke wa Chicago.

Kutoa patroni ku nguo nzima si kazi ngumu na haiombi kuifumua. Geuza nguo ndani nje, piga pasi, tandika karatasi juu ya meza yenye blanketi. Karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti inafaa kabisa, ni ngumu na ni ya bure. Weka kipande kimoja kimoja, mgongo nusu, mbele nusu, mkono, kola. Fuata mshono kwa pini ukitoboa karatasi chini, kisha unga matundu kwa kalamu. Andika uzi wa kitambaa unaenda upande gani. Pima mshono wa pembeni wa mbele na wa nyuma: kama havilingani, umekosa mahali, rudi. Ongeza marje. Kisha shona ya kwanza kwa amerikani ao kwa shuka la zamani, umvalishe mtu, usahihishe karatasi. Hata patroni ya kununua tunaiombea ile shuka ya kujaribu. Mafundi wanaokataa juu ya haraka njo wale wale wanaolia nyuma.

Na juu ya karatasi ile andika jina la mwenye nguo, mwaka kama unajulikana, na kambi aliyokaa. Karatasi isiwe mali ya fundi mmoja anayeificha. Tunapendekeza kila mtaa uwe na bahasha zake, mama fundi azichukue, akate, arudishe.

Limebaki neno moja, na hili tunalielekeza kwa wenye kuagiza nguo za defile. Mwaka mmoja, nguo za sikukuu ya wafanyakazi zilitoka mbali, zimefungwa mu plastiki, nimero zote za kati. Bamama wakubwa walizifungua pembeni usiku na kuweka vipande vya rangi ingine. Hatutaji aliyeagiza. Tunaomba paka hivi: kitambaa kigawanywe miezi miwili mbele, vipimo vichukuliwe ku mitaa, na mshono ulipwe hapa. Mashini ziko, na mikono iko. Kwa patroni, tutaleta za karatasi ya simenti. Wenye libaya ao abacost za wazazi mu sanduku wasizikate mbele mama fundi wa mtaa hajazichora.