Anayesikiliza Ndiye Analipa

Ukikaa kidogo tu pale watu wanapochajisha simu Base Camp, utasikia majina makubwa kuliko ya redioni. Mmoja anasema jana Komandanti alimpigia yeye mwenyewe. Mwingine: "Yule mama wa UNHCR, ule ni mutu yangu kabisa." Wa tatu anaona ameachwa nyuma, basi anashuka hadi Mbarara: eti ana kapteni wake Makenke. Hapo wote kimya, maana Makenke ni kambi ya jeshi, makao makuu ya Divisheni ya Pili ya UPDF, na hakuna mkimbizi anayetaka kubishana na bunduki asiyoiona. Huyo kapteni hana jina la pili, hana namba ya simu, hajawahi kuonekana huku. Lakini kazi yake amekwisha kuifanya. Aliyemtaja anasogezewa kiti, na simu yake inachomekwa kwanza.

Kuna watu ninaowaheshimu wanaoniambia niachane na jambo hili. Mtu amepoteza shamba, nyumba na cheo, wanasema, mwache ajipambe kwa maneno. Nakubali nusu. Mzee aliyekuwa mwalimu Rutshuru, akihesabu wanafunzi wake ambao leo ni watu wakubwa, anahesabu maisha yake, na mimi nitamsikiliza mpaka giza liingie. Kapteni wa Makenke si maisha ya mtu. Ni tangazo la biashara.

Na biashara hii sisi Wakongomani tunaijua. Katika muziki wetu inaitwa libanga. Mwimbaji yuko katikati ya wimbo wa mapenzi, ghafla anataja tajiri fulani, mwanasiasa fulani, bosi fulani wa Paris au Brussels. Werrason, JB Mpiana, Koffi Olomide, wote wametaja majina, mpaka nyimbo nyingine zinafanana na rejista ya darasa. Neno hilo ni la Kilingala, maana yake jiwe, na kupiga jiwe ni kuhangaika kutafuta riziki. Sawa, kila mtu na riziki yake. Ila angalia pesa inatoka wapi. Kwenye wimbo, anayetajwa anajua ametajwa, na ndiye anayelipa. Huku kwetu anayetajwa hana habari, anayetaja hatoi hata shilingi, na anayesikiliza ndiye analipa.

Analipa vipi? Kwanza soda. Halafu nafasi kwenye foleni ya maji. Halafu siku moja mama fulani anakuja taratibu: "Papa, wewe unajuana na wakubwa, kesi yangu imekaa sana." Naye anajibu neno moja: "Nitakusemea." Hilo neno linapendwa hapa kuliko chakula. Baada ya wiki kunatakiwa nauli ya Mbarara. Baada ya mwezi, "kitu kidogo" cha yule wa ofisini. Mahindi yanauzwa kabla hayajakauka. Kwa wasichana, bei si pesa kila mara, na kwa kuwa mimi hukaa nao kila Jumamosi, sitaandika zaidi ya hapo.

Msiseme natia chumvi. Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, wafanyakazi wa ofisi ya UNHCR na madalali wao waliwauzia wakimbizi nafasi za kupelekwa nchi za Magharibi, kwa maelfu ya dola. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ndio walioliweka wazi, mwaka 2001. Ndiyo maana bango la "huduma zote ni bure" halitoshi. Jambo likiwa limewahi kuwa kweli mara moja, mwongo wa leo anakopa ukweli wa jana. Na tangu Marekani isimamishe kupokea wakimbizi Januari 2025, ndiyo kabisa: mlango ukifungwa, anayedai ana ufunguo anapanda bei.

Sasa ninyi wa mashirika, naona mnacheka. Msicheke. Kwenye mikutano yenu nasikia "Kampala imeamua", "Geneva hawataki", "mfadhili amekataa". Geneva ni nani? Anakaa ofisi gani, tumwandikie? Huyo ni kapteni yuleyule wa Makenke, tofauti ni tai shingoni. Halafu mnafika kwenye foleni ya watu mia, mnamwita kijana mmoja kwa jina lake, mnacheka naye, mnaondoka na gari. Hamkumpa kitu, najua. Kesho yake amefungua duka.

Nakivale iko hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kuna waliozaliwa hapa na wakazeeka hapa, lakini nani anaamua nini bado ni siri, na katika siri hiyo ndimo "Nitakusemea" inamoota. Bandikeni ubaoni, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali: jambo hili linaamuliwa na ofisi hii, kwa hatua hizi. Na mkimkatalia mtu, mpeni sababu kwa maandishi. Mkimpa "subiri" tupu, ataitafuta sababu kwa yule mwenye kiti.

Kwenye kikundi chetu cha vijana tumeweka sheria moja. Ukijitambulisha, marufuku kutaja mtu mwingine. Hakuna "mimi ni wa kwa cheyamani", hakuna "mimi natembeaka na wazungu". Sema jina lako na kitu unachoweza kufanya. Siku ya kwanza kijana mmoja, msemaji kweli, alisimama akakosa neno. Tulingoja. Mwishowe akasema: "Ninatengeneza redio." Kabla hatujatawanyika alishaletewa mbili.

Wazee wawili wamelalamika kwamba tunawafundisha watoto dharau. Karibuni Jumamosi, saa nane mchana, mjitambulishe na ninyi.