Mdudu mgeni asipuuzwe

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta. Wakazi wa jimbo la Washington, Marekani, waliuziba mapema. Mnamo Desemba 2019, mkazi mmoja wa Blaine, karibu na mpaka wa Kanada, alimpata nyigu mkubwa asiyemfahamu, akawaarifu maafisa wa kilimo.

Alikuwa nyigu mkubwa wa Asia, ambaye hufikia urefu wa karibu sentimita 5, mwenye kichwa kipana cha rangi ya machungwa. Kundi dogo la nyigu hao laweza kuangamiza mzinga mzima wa nyuki kwa saa chache.

Oktoba 2020, maafisa walimfunga nyigu hai kifaa kidogo cha redio, wakamfuata hadi kiota kilichokuwa ndani ya mti. Viota vitatu zaidi viliharibiwa mwaka wa 2021. Desemba 2024 ilitangazwa kuwa wametokomezwa. Ripoti nyingi zilizofanikisha kazi hiyo zilitoka kwa raia wa kawaida.

Msomaji atauliza: yatuhusu nini? Mwaka wa 2022, mbu mgeni kutoka Asia, Anopheles stephensi, aligunduliwa Marsabit. Mbu huyu hueneza malaria hata mijini, kwani huzaliana katika matangi na mitungi ya maji. Wakazi wa miji tuliozoea kuuona ugonjwa huu kuwa wa mashambani tujihadhari.

Maoni yangu ni kwamba mwananchi hawezi kuripoti asipojua mlango wa kubisha. Kila kaunti itangaze nambari moja ya simu, na anayepiga ajibiwe. Anayepeleka mdudu ofisini akachekwa hatarudi tena.

Nawe, ukiona mdudu usiyemjua, mpige picha ukiwa mbali, uandike mahali na tarehe, kisha umwarifu afisa wa kilimo au wa afya ya umma. Usichokoze kiota wala kukimwagia petroli. Usiue kila nyigu pia. Wengi hula viwavi wanaoharibu mboga.

Ukiumwa, weka barafu au kitambaa chenye maji baridi. Midomo au koo likivimba, pumzi ikibana au ukihisi kizunguzungu, kimbia hospitalini upate sindano ya adrenalini. Hapo dakika huhesabika. Aliyeumwa mara nyingi aende hata kama anajihisi mzima, kwa maana sumu nyingi huweza kudhuru figo baadaye.