Kamera nne, bando moja: hesabu niliyoisahau

Leo nakiri kosa langu.

Mzee mmoja mwenye ploti hapa Kamere aliniomba nimfungie kamera nne. Wapangaji wake wengi hufanya kazi kwenye mashamba ya maua, na mmoja ana bodaboda anayoilaza uani. Nikaunganisha kamera kwenye ruta ya laini ya simu, video iende moja kwa moja kwenye wingu. Mzee akanunua bando la mwezi, gigabaiti 50. Tuliwasha saa kumi na mbili jioni. Saa tisa usiku pikipiki ikaibwa.

"Kijana wangu, hebu tumwone huyo mwizi," mzee akaniambia asubuhi. Hakukuwa na kitu. Bando lilikuwa limekata karibu saa saba usiku. Taa za kamera bado zilikuwa zinawaka!

Hesabu ni hii. Kamera moja ya 1080p, kwa H.264, niliiweka megabiti 4 kwa sekunde. Nne ni megabiti 16, yaani megabaiti 2 kila sekunde. Kwa siku ni gigabaiti 173 hivi. Gigabaiti 50 haziwezi kufika hata saa 7.

Maoni yangu sasa: rekodi nyumbani kwanza. Waya wa mtandao wa megabiti 100 unabeba hiyo 16 bila kutoka jasho. Diski ya terabaiti 2 inakaa siku 11; ukitumia H.265, ambayo hupunguza ukubwa kwa karibu nusu, unapata kama wiki tatu. Wala huhitaji kompyuta ya bei. Kuhifadhi video jinsi inavyokuja ni kazi ndogo. Kinachochosha prosesa ni kuifungua ili kutafuta watu. Kazi hiyo ipe mkondo mdogo wa kamera, ule wa picha hafifu. Laptopu kuukuu inatosha, na betri yake inasaidia stima ikipotea, ila ruta na kamera nazo zinahitaji betri yao. Mvuke wa Olkaria tunauona kutoka hapa, lakini giza bado linatutembelea.

Bando liachie tahadhari tu: kipande cha sekunde 10 ni megabaiti 5.

Na kamera ielekee geti, si milango ya wapangaji. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kuna heshima.

Mfumo wa mzee nimeurudia bila malipo. Pikipiki haijarudi. Fanyeni hesabu kabla ya kupanda ngazi.