Wastani wa Vumbi Usitudanganye

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaofua nguo za kazi,

Mara nyingi husemwa: «Vumbi limepimwa, wastani uko chini ya mpaka, kazi iendelee.» Maoni yetu ni haya: kabla ya kufurahi, tuulize vipimo vilikuwa vingapi, na vilitofautiana namna gani.

Vumbi la mawe mengi lina silika. Chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho. Zinaacha makovu, na ugonjwa huo wa silikosi hauna dawa ya kuuponyesha. Tena unafungulia kifua kikuu mlango. Ndiyo maana mwaka 2016 Marekani iliweka, kwa viwanda na ujenzi, mpaka wa mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo wa hewa, kwa zamu ya masaa 8.

Tuchukue mfano. Wachimbaji 6 wamevaa pampu ndogo ya kupimia hewa. Matokeo ni 30, 62, 38, 55, 28 na 57. Wastani ni 45. Je, tumepona? Bado. Watu 6 si kikosi kizima. Tukipima wengine 6, au siku nyingine, wastani unaweza kupita 50.

Mwaka 1908 William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alionyesha namna ya kuamua kwa vipimo vichache. Kwanza tunaweka shaka: wastani wa kweli wa zamu zote ni 50 au zaidi. Kisha tunadai ushahidi wa kuivunja shaka hiyo. Kwa vipimo 6 vilivyotawanyika kama hivi, wastani ungepaswa kushuka mpaka karibu 38, ili hatari ya kuiita hewa mbaya kuwa nzuri isizidi mara 5 katika 100. Sisi tuna 45. Shaka haijavunjika! Lakini wangepimwa watu 30, na wastani ukabaki 45 kwa mtawanyiko ule ule, ushahidi ungetosha.

Wengine watasema: «Hakuna aliyethibitisha kwamba vumbi limezidi.» Ni kweli, lakini kukosa ushahidi wa ubaya si ushahidi wa uzuri. Afya ya watu ikiwa mizanini, hewa ndiyo ijitetee, si mfanyakazi. Kuongeza vipimo kuna gharama, lakini ni ndogo kuliko gharama ya mapafu.

Na sisi tuna wajibu wetu. Mama akitaka kuonja mboga, hukoroga chungu kwanza. Vivyo hivyo wanaopimwa wachaguliwe kwa kura katika kazi zote, mchana na usiku. Ukipewa pampu, usiitundike pahali pasafi. Uivae zamu nzima, hapo unapofanya kazi kweli.

Tena tukumbuke: wastani haupumui. Aliyepata 62 anavuta 62, hata kama mwenzake amepata 28. Huyo asingojee hesabu imalizike: maji kwenye mashine ya kutoboa, upepo wa kutosha shimoni, maski usoni, leo hii.

Chuma cha mashine kikiharibika tunakibadili. Pafu halibadilishwi kirahisi hivyo.