Samaki Moli Katika Tangi la Kioo



Juma lililopita mama mmoja, mke wa askari, alinisimamisha njiani akaniuliza sababu ya samaki weusi wa mwanawe kufa wote katika muda wa siku sita, ilhali alikuwa akiwabadilishia maji yote kila asubuhi na kuwalisha kabla watoto wake mwenyewe hawajapata uji. Nilimwonea huruma, maana mimi nami nilipita njia hiyo hiyo, na cheti changu cha ualimu hakikunisaidia kitu.

Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia binti yangu samaki watano wa aina ya moli, weusi tititi. Nikalijaza tangi kwa maji ya mvua yaliyotoka katika bati la nyumba yetu, nikidhani kwamba hakuna maji yaliyo safi kuliko yale. Siku ya pili samaki wakaanza kutikisika mahali pamoja kama mtu mwenye homa ya baridi, mapezi yamekunjwa, hawaendi mbele wala nyuma. Siku ya nne watatu walikuwa wamekufa. Nikamwaga maji yote, nikasugua mawe kwa sabuni, nikajaza maji mapya. Wawili waliobaki hawakuuona usiku wa pili. Binti yangu aliwazika chini ya mgomba, kisha akaniuliza kama walikuwa wamefanya kosa gani. Aliyewauza hakuwa na lawama. Kosa lilikuwa katika maji yangu, na la pili katika sabuni yangu.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo moli wengi wanapofia. Asili ya samaki hawa ni Meksiko, Amerika ya Kati na pwani za kusini za Marekani. Wako wanaokaa katika mito na chemchemi zipitazo kwenye mawe ya chokaa, na wako wanaokaa mahali ambapo maji ya mto huchanganyika na ya bahari. Jina lao lilitokana na Mollien, waziri wa fedha wa Ufaransa, ambaye mtaalamu Lesueur alimtunukia heshima hiyo mwaka 1821; sijui waziri mwenyewe alifurahi kiasi gani kufanywa jina la samaki. Yule mweusi kabisa tumwonaye madukani ni kazi ya wafugaji, waliochagua kizazi baada ya kizazi. Lakini weusi au weupe, wote wanataka maji magumu, yaani maji yenye madini mengi ya chokaa.

Je, utayajuaje? Fua kitambaa. Maji ambayo sabuni hutoa povu upesi ni maji laini. Yale yanayokula sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika ni magumu. Mama wa nyumbani hulalamika juu ya maji magumu, na moli hufurahi kwayo. Maji ya mvua ni laini kabisa. Maji ya bomba ya Kampala, Entebbe na Jinja hutoka Ziwa Victoria, ambalo maji yake yana madini machache, hayafanani na yale ya Ziwa Tanganyika. Maji ya visima virefu vya pampu mara nyingi huwa magumu zaidi, ingawa si kila mahali.

Dawa niliipata kwa jirani afugaye kuku. Yale makombe ya ziwani yaliyopondwa, ambayo huchanganywa katika chakula cha kuku ili mayai yawe na ganda gumu, ni chokaa tupu. Chukua yale makavu ambayo hayajachanganywa na kitu kingine, yaoshe kwa maji matupu mpaka vumbi litoke, kisha tia konzi mbili katika mfuko wa kitambaa chepesi na kuuweka mahali maji yapitapo, ndani ya chujio au karibu na mapovu ya pampu ya hewa. Yatayeyuka polepole, na maji yatakuwa magumu katika muda wa siku na majuma, bila kumshtua samaki. Waliokaa karibu na Tororo wanaweza kutumia vipande vya mawe ya chokaa ya huko. Jiwe ukilitilia shaka, lidondoshee siki: likitoa mapovu, lina chokaa. Wapo wasemao kwamba moli hawezi kuishi bila chumvi. Ni kweli kwamba huivumilia sana, lakini chumvi ya mezani haigeuzi maji laini kuwa magumu, tena huchoma mimea na kuwasumbua samaki wengine wa tangi hilo. Mimi siiweki, ila kwa ugonjwa.

Makombe makavu ni salama. Lakini konokono hai, mimea na maji kutoka ufukoni mwa ziwa usiyalete nyumbani hata kidogo. Baadhi ya konokono hao hubeba vijidudu vya kichocho, na tangi la sebuleni huchezewa na mikono ya watoto.

Jambo la pili ni subira, na hili kwetu ni gumu, maana tangi likishafika nyumbani watoto hawalali mpaka waone samaki. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Viko vijidudu vidogo visivyoonekana ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na vingine vinavyoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Vijidudu hivi hukaa juu ya mawe na ndani ya sponji ya chujio, navyo huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Yule mama aliyekuwa akimwaga maji yote kila asubuhi, na mimi na sabuni yangu, tulikuwa tukiwafukuza watumishi wa usafi kabla hawajapanga vyombo vyao. Kwa hiyo tangi lijazwe, pampu iwashwe, na chembe chache za chakula zitiwe kila siku ingawa hamna samaki. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake kuukuu. Kitakupunguzia majuma kadhaa. Kisha watie samaki wawili au watatu kwanza, si wote.

Baada ya hapo, kila juma badilisha robo tu ya maji. Maji ya bomba la mjini hutiwa klorini. Yaache katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Sponji ioshwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe isioshwe bombani.

Tangi lenyewe lisiwe dogo. Moli mweusi hufika sentimita sita au nane, na yule mwenye pezi pana la mgongoni hupita kumi. Tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 35 huchukua kiasi cha lita 90, nalo likijaa, pamoja na kioo na mawe, hupita kilo 100. Kimeza cha kuwekea redio hakitalibeba. Liweke mbali na dirisha lenye jua kali. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Entebbe si shida kubwa, lakini aliye Kabale hana budi kupata kipasha maji cha umeme, la sivyo aache. Umeme ukikatika, lifunike tangi kwa blanketi, na mara kwa mara chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, ili hewa iingie.

Wenzake katika tangi wawe wale wanaopenda maji kama yake: plati, mkia-upanga na gapi. Wote wanne ni ndugu, na wote huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Usimchanganye na wale samaki wadogo wa Amazon wenye mstari wa buluu, wazoeao maji laini, kwa maana mmoja kati yao ataumia. Na nimeona zaidi ya mara moja vifaranga vya ngege vikitiwa tangini kwa sababu havikugharimu kitu. Ngege hukua, na akikua hana jirani.

Dume utamjua kwa pezi la chini ya tumbo, ambalo kwake ni jembamba kama kijiti, na kwa jike limetanuka kama pepeo. Weka majike wawili au watatu kwa dume mmoja, kwa sababu dume hachoki kufukuza. Jike huzaa baada ya mwezi mmoja hivi, wakati mwingine zaidi, watoto ishirini, arobaini au hata kupita hapo. Naye huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, hata akiwekwa peke yake huzaa tena. Basi usimtuhumu muuzaji. Wazazi huwala watoto wao bila aibu. Weka mimea mingi tangini, na wale watakaojificha ndio watakaokua.

Chakula chake kikuu ni majani na ukungu wa kijani uotao juu ya mawe. Dodo iliyochemshwa kidogo bila chumvi wala mafuta huipenda mno. Mpe mara mbili kwa siku kile atakachomaliza kwa dakika mbili, na hapo usimwonee huruma. Ukiona chembe nyeupe kama chumvi juu ya mwili, huo ni ugonjwa wa kuambukiza. Ndiyo sababu samaki mgeni akae chombo cha peke yake majuma mawili au matatu kabla ya kuungana na wenyeji.

Sasa nije kwa uhamisho, ambao familia zetu zinaujua kuliko wengine. Amri ikija, wako wanaokwenda kuwamwaga samaki ziwani au katika kinamasi, wakidhani wamewafanyia hisani. Tafadhali wasifanye hivyo. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na tukajua baadaye aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zilivyotoweka. Moli si sangara, lakini huzaliana upesi na huvumilia mengi. Mpe jirani.

Ukiamua kusafiri nao, usiwalishe siku ya mwisho. Watie katika ndoo zenye mifuniko, nusu maji na nusu hewa, kwa maji yale yale ya tangi. Sponji isafiri ndani ya maji, maana ikikauka unaanza upya yale majuma sita. Tangi lisafiri tupu. Mwaka jana sisi tulihamishwa kutoka Jinja kuja Entebbe. Tuliondoka na samaki kumi na wawili, tukafika na kumi na mmoja, kwa sababu ndoo moja niliijaza mno, na mfuniko ukafunguka karibu na Lugazi.