Mtoto mgeni akikamatwa Mpui, mwanasheria wa halmashauri ana nguvu gani?

Tuseme lori limesimamishwa usiku Mpui, barabara ya Tunduma–Sumbawanga. Ndani kuna kijana wa miaka 15 kutoka nje ya nchi, hana pasi wala ndugu. Polisi wanawaita Uhamiaji. Je, halmashauri ina la kusema, au inabaki kutazama tu?

San Francisco walivutana

Swali kama hili liliwahi kuitikisa San Francisco, Marekani. Tangu 1989 jiji hilo lina sheria inayowazuia watumishi wake kusaidia kazi za uhamiaji za serikali kuu.

Mwaka 2008 Meya Gavin Newsom akakaza kamba: kijana asiye na vibali akikamatwa kwa kosa kubwa, Uhamiaji wapewe taarifa hata kabla ya hukumu. Mwaka 2009 baraza la jiji likapitisha sheria ya kusubiri kwanza mahakama imtie hatiani. Newsom akaikataa kwa kura ya turufu, baraza likaitengua kura hiyo, meya akagoma kutekeleza.

Katikati ya mvutano huo alikuwepo mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera. Ofisi yake ilitahadharisha kuwa mabadiliko hayo yangeweza kuliingiza jiji kwenye kesi. Lakini mwaka 2017 Herrera huyohuyo alimshtaki Rais Donald Trump kutetea msimamo wa jiji.

Huku kwetu je?

Njia hiyo Sumbawanga haina. Uhamiaji ni kazi ya Serikali Kuu. Halmashauri inatunga sheria ndogo, ila lazima ziidhinishwe na waziri, na haziwezi kupingana na sheria ya Bunge.

Hata hivyo mlango upo: Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa sheria hiyo, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumbagua kwa asili yake au kwa kuwa mkimbizi. Inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio kwenye maeneo yao. Na inasema wazi kwamba mtoto hahukumiwi kifungo.

Saa za kwanza ndizo zenye uzito

Tatizo ni umri. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuandikwa mtu mzima, na kesi ikaenda kama ya watu wazima. Likishaandikwa, kulirekebisha ni kazi.

Hapo ndipo mwanasheria wa halmashauri anapohitajika. Hawezi kuizuia Uhamiaji. Anachoweza ni kuhakikisha ofisa ustawi wa jamii anaitwa mapema, kusisitiza umri uthibitishwe, mtoto asichanganywe na watu wazima mahabusu, na kesi iende mahakama ya watoto.

Kwa hayo yote hahitaji sheria mpya. Anahitaji simu ya mtendaji wa kijiji impate usiku uleule.