Kocha wa Shule Apimwe kwa Vikombe au kwa Watu?

Jioni moja nilisimama kando ya uwanja wa mpira hapa Majoreni, nikatazama mechi ya vijana wa shule. Timu ya wageni ililetwa na mwalimu mmoja wa hesabu kutoka shule moja ya mwambao huu, ambayo sitaitaja. Jezi za vijana wake alikuwa amezifua mwenyewe. Machungwa ya mapumziko aliyanunua kwa fedha zake. Walifungwa mabao mawili kwa moja. Baada ya mechi aliwaketisha chini ya mkorosho, na swali lake la kwanza halikuhusu mabao. Aliwauliza ni nani ambaye hajamaliza kazi ya nyumbani ya siku ile.

Juma lililofuata nilisikia kwamba amevuliwa ukocha. Kosa lake lilikuwa kukosa kombe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo nawatupia walimu wenzangu na wanafunzi pia: Je, kazi ya kocha wa shule au chuo hupimwa kwa kipimo gani?

Waama, jawabu moja liko mbali nasi, huko Marekani. Mwaka 1941 kijana wa miaka 22, Eddie Robinson, aliajiriwa na chuo kidogo cha watu weusi mjini Grambling, jimbo la Louisiana, aifunze timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai unaobebwa mikononi. Baba yake alilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Robinson mwenyewe alikuwa kibarua katika kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo, akilipwa senti 25 kwa saa. Chuo kilimpa dola 63.75 kwa mwezi.

Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 3 na kupoteza 5. Laiti wakuu wake wangekuwa na haraka tuliyo nayo sisi, habari zake zingeishia hapo. Walimwacha. Msimu wa pili alishinda mechi zote 9 bila kufungwa hata pointi moja. Alidumu katika chuo hichohicho hadi 1997, akiwa na ushindi 408, vipigo 165 na sare 15. Zaidi ya vijana 200 aliowafunza walicheza katika ligi ya kulipwa. Mmoja wao, Doug Williams, mwaka 1988 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza mashambulizi ya timu iliyotwaa ubingwa wa ligi hiyo.

Hata hivyo, tarakimu hizo si kiini cha hoja yangu. Robinson ndiye aliyekata nyasi za uwanja, akachora mistari na kuyaandikia magazeti habari za mechi. Katika safari za kusini, ambako mikahawa ya wazungu haikuwahudumia watu weusi, aliwatengenezea vijana wake mikate ya njiani. Na alfajiri alipita mabwenini na kengele mkononi, akiwaamsha wachezaji ili waende darasani. Hakutaka kumwona kijana aliye shujaa Jumamosi na mtoro Jumatatu. Sehemu kubwa ya wachezaji wake walihitimu masomo.

Haki inanilazimu niseme pia kwamba hata yeye hakusalimika. Timu yake ilipopoteza mechi 8 kati ya 11 mwaka 1996, palikuwa na waliotaka aondolewe mara moja. Ni kilio cha umma kilichompatia msimu mmoja zaidi wa kuaga. Ikiwa mtu wa ushindi 400 aliweza kutaka kufukuzwa, mwalimu wetu wa hesabu ana kinga gani?

Mchezo huo wa vyuo sasa umegeuka biashara kubwa. Novemba 2023 chuo kikuu cha Texas A&M kilimfuta kocha wake, Jimbo Fisher, na kikajifunga kumlipa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba uliosalia. Hizo ni fedha za kumlipa mtu asifanye kazi, na anayelipa ni chuo kinachodai kuwa shabaha yake ni elimu. Sisi hatuna mamilioni, lakini ugonjwa ni uleule: kuuona ushindi wa leo kuwa ndiyo shule yenyewe.

Wala tusiseme kwamba subira ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ayalandi, alifika shule ya St. Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa na ujuzi wa ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia. Miaka 12 baadaye, mwanafunzi wake wa zamani Peter Rono alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Seoul. Mwaka 2012 David Rudisha, aliyenolewa naye, alikimbia mita 800 mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Nani angeyajua haya lau mwalimu huyo angenyang'anywa filimbi mwaka wa pili?

Sasa tutazame mambo yetu. Mwalimu anayejua kwamba asipoleta kombe ataondolewa hushawishika kutafuta njia ya mkato. Ndipo wanapozuka wale tuwaitao mamluki: wachezaji waliopita umri, au waliotolewa shule nyingine kwa ajili ya michezo tu. Michezo ikiisha, huachwa bila kombe na bila cheti. Si wao wa kulaumiwa peo. Mwenye lawama kubwa ni yule aliyeweka kombe liwe kipimo pekee.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kocha wa shule apewe angalau miaka minne, muda wa kuwalea vijana tangu waingie hadi wamalize. Pili, saa zake za uwanjani zihesabiwe kuwa kazi, apunguziwe vipindi, na asiachiwe kununua machungwa. Tatu, kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu amuulize maswali mawili kabla ya kuuliza habari za vikombe: Ni wachezaji wangapi wamebaki shuleni? Wamefanyaje mtihani?

Kwenu wanafunzi, nina neno moja. Kocha anayekuuliza kuhusu daftari lako usimdhani hajui mpira. Goti huumia siku moja na mchezo ukakoma, ulichokisoma hubaki.

Mwalimu yule wa hesabu bado yuko darasani. Vijana wake, niliambiwa, hukutana naye jioni, bila jezi wala filimbi, wakamwonyesha hesabu zao. Kombe hana, lakini wachezaji wake hawajamwacha.